Riale iliyolika: ilipimwa au ilihesabiwa?

Swali: Bibi yetu, Mungu amrehemu, ametuachia kibweta chenye sarafu tatu hapa Pangani. Ya kwanza ni riale kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780. Ya pili ni rupia ya mwaka 1862. Ya tatu ni pauni ya dhahabu ya mwaka 1872 iliyolehemiwa kipete ili ivaliwe shingoni. Sonara alizipima: riale gramu 27.52, rupia gramu 11.31, pauni pamoja na kipete chake gramu 8.36. Akasema riale na rupia «si kamili», akataja bei ndogo. Je, upungufu huo ni dalili ya kughushi? Na zamani zile, sarafu iliyolika namna hii ilibadilishwa kwa kiasi gani?

Jibu: Ndugu msomaji, upungufu wa uzito peke yake si dalili ya kughushi. Kinachopaswa kukutia shaka ni uzito usiolingana na uchakavu, yaani sarafu ambayo nywele, lulu na herufi zake bado ni kali kana kwamba imetoka kiwandani jana, lakini mizani inasema imepungua sana. Au kinyume chake, sarafu iliyosagika uso mzima huku uzito wake ukiwa kamili. Zako, kwa vipimo ulivyotaja, zinafuata njia ya kawaida ya sarafu zilizopita mikononi mwa watu kwa miaka mingi.

Tuanze na uzito wa asili. Riale yenu ni ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, na mwaka huo ukabaki kwenye muhuri wa chuma tangu siku hizo hadi leo, kwa kuwa wateja wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu hawakutaka kuona mabadiliko yoyote kwenye sarafu waliyoizoea. Imepigwa Vienna, ikapigwa Milan na Venice miji hiyo ilipokuwa chini ya Austria, na katika miaka ya 1930 na baada yake ikapigwa hata Rome, London, Paris na Bombay. Kwa hiyo mwaka 1780 haukwambii lolote kuhusu umri wa riale ya bibi yako. Uzito wake kamili ni gramu 28.07, na katika kila sehemu 1000 za madini yake, sehemu 833 na theluthi moja ni fedha na iliyobaki ni shaba. Fedha tupu iliyomo ni gramu 23.39. (Lugha yetu inaita madini na pesa kwa neno moja, hapa kila nitakapoandika fedha tupu nakusudia madini.)

Rupia ya Uhindi ilikuwa na uzito wa tola moja kamili, gramu 11.66, na sehemu 11 kati ya 12 zake zilikuwa fedha, yaani gramu 10.69. Sonara wako bila shaka anaijua tola, kwa maana baadhi yao huitumia mpaka leo. Mwaka 1862 nao una hila yake, kwa kuwa uliendelea kupigwa kwenye rupia hadi 1874. Pauni ya dhahabu, ambayo Waingereza huiita sovereign, ilikuwa na gramu 7.988 za dhahabu ya karati 22, ambamo dhahabu tupu ni gramu 7.32.

Sasa tutoe hesabu ya kulika. Riale yenu imepoteza gramu 0.55, sawa na asilimia 2 hivi. Rupia imepoteza gramu 0.35, sawa na asilimia 3. Kwamba iliyo ndogo imelika zaidi kwa uwiano si ajabu hata kidogo, kwani sarafu ndogo ina eneo kubwa la kusuguliwa kulinganisha na uzito wake, na tena hupita mikononi mara nyingi zaidi, kwa sababu ndiyo inayonunulia vitu vya kila siku ilhali ile kubwa imefungiwa mfukoni au imefukiwa chini ya kitanda. Jambo hili lilipimwa vizuri huko Uingereza mwaka 1868 na mchumi William Stanley Jevons, ambaye aligundua kwamba pauni ya dhahabu hupoteza wastani wa miligramu 2.8 kwa mwaka, na nusu pauni, ambayo ina nusu ya uzito huo, hupoteza miligramu 4.5. Ukigawanya kwa uzito, utaona kwamba nusu pauni ililika zaidi ya mara tatu kwa kasi kuliko pauni nzima.

Sheria za wakati ule ziliweka mpaka. Pauni iliyoshuka chini ya gramu 7.94 haikuwa tena malipo halali; upungufu ulioruhusiwa, gramu 0.05 tu, ungefikiwa kwa kasi ya Jevons baada ya miaka 18 hivi. Sheria ya 1870 ilikwenda mbali zaidi na kumtaka yeyote aliyeletewa pauni pungufu aikate au aiharibu, hasara ikimwangukia aliyeileta. Muuza duka gani angemfanyia mteja wake hivyo? Benki Kuu ya Uingereza ilizikata kweli, lakini wafanyabiashara waliendelea kuzipokezana kimyakimya, na ndiyo maana Jevons alikuta karibu thuluthi moja ya pauni zilizokuwa mikononi mwa watu, na karibu nusu ya zile nusu pauni, ziko chini ya mpaka. Kwa upande wa rupia, sheria ya Uhindi ya mwaka huohuo wa 1870 iliruhusu upungufu wa asilimia 2, maana yake gramu 11.43. Rupia yenu ya gramu 11.31 ingeweza kukataliwa na mtunza hazina wa Bombay.

Riale haikuwa na mpaka wa namna hiyo katika pwani yetu, na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Haikuwa sarafu ya serikali yoyote ya huku, kwa hiyo hapakuwa na sheria ya kusema hii ni halali na ile si halali. Ilikuwa na thamani mbili zilizotembea pamoja: thamani ya kuhesabiwa, moja kwa moja, mbele ya mashahidi, na thamani ya kupimwa, ambayo ni ya sonara na ya mfanyabiashara aliyetaka kuipeleka Uhindi kuyeyushwa. Iliyolika kidogo ilihesabiwa kama moja kamili. Ilipofika kwenye mizani ya sonara ndipo ilipokuwa pungufu. Sonara wako wa leo na mwenzake wa mwaka 1860 wamesema neno lilelile, nao wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja amesema kwa upande wake wa meza.

Tuone upungufu huo ulikuwa na uzito gani mfukoni. Kiwango kilichokuja kukubalika Unguja ni riale moja kwa pesa 136 za shaba, na rupia moja kwa pesa 64, yaani riale ni rupia mbili na «ana» mbili (ana ni sehemu ya kumi na sita ya rupia). Asilimia 2 ya pesa 136 ni chini ya pesa tatu. Hakuna mtu angebishana kwa pesa tatu juu ya riale nzima. Lakini kama sura ya malkia ingekuwa imesagika kiasi kwamba lulu za bizimu yake ya begani na za kichwani hazihesabiki, mambo yangekuwa mengine. Huko Uhabeshi na Uarabuni watu walizikagua lulu hizo moja moja kabla ya kupokea sarafu, na isiyoonyesha lulu zake ilikataliwa au ilipunguzwa bei hata kama uzito wake ulikuwa mzuri. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo wengi hulikosa wanapozungumzia kulika kwa riale: kilichomgharimu mwenye sarafu kilikuwa ni uso uliofutika zaidi ya ile nusu gramu iliyoondoka.

Ukingo nao ulikuwa mlinzi. Ukiizungusha riale yenu kwa vidole utaona maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, yameinuka ukingoni pamoja na mapambo. Mtu aliyetaka kukwangua fedha pembeni angeyaharibu maneno hayo na kujiumbua. Yaangalie chini ya mwanga mkali. Yakiwa yamekamilika pande zote, upungufu wenu ni wa kulika kwa haki na si wa kukwanguliwa.

Wazee wetu hawakuwa na riale moja tu, na majina waliyozipa yanaonyesha jinsi walivyozichambua. Reale ya Shamu ndiyo hii ya Maria Theresa. Reale ya mzinga ilikuwa ya Kihispania, kwa sababu nguzo mbili zilizochorwa juu yake zilionekana kwao kama mizinga, na Waarabu nao waliita hivyohivyo kwa lugha yao. Reale Fransa ilikuwa kipande cha faranga tano, na reale ya dhahabu ilikuwa sarafu ya Marekani ya dola 20. Ukizipima, zina tofauti ya kweli. Riale ya Mexico, mrithi wa ile ya mzinga, ilikuwa na fedha tupu gramu 24.4, hivyo iliizidi ya Shamu kwa zaidi ya asilimia 4. Faranga tano zilikuwa na gramu 22.5, pungufu kwa karibu asilimia 4. Aliyezichanganya katika mfuko mmoja bila kuzitenga aliwapa wenzake faida bila kujua. Ile ya dola 20 ni mfano mzuri kupita yote: ilikuwa na dhahabu tupu gramu 30.09, na kwa uwiano wa zamani wa gramu moja ya dhahabu kwa gramu 15.5 za fedha, hiyo ni sawa na riale za Shamu 19.94. Ishirini, kwa hesabu ya sokoni. Jina la «reale ya dhahabu» halikuwa la kubahatisha.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza watu. Riale yenyewe ilikuwa jiwe la mizani. Wakia ya Unguja ilikuwa ni uzito wa riale moja, wakia 16 zilifanya ratili, na ratili ndizo zilizojenga frasila iliyopimia pembe na karafuu, kilo 16 hivi. Kwa hiyo aliyepima kwa riale zilizolika asilimia 2 alikuwa anapima kwa wakia pungufu, na aliyeuza kitu kwa wakia hizo alikuwa anafaidi kidogo kila mara. Ukinunua, dai riale mpya mizanini. Ukilipa, toa zilizolika. Nadhani hakuna mfanyabiashara wa Forodhani aliyehitaji kufundishwa hilo.

Mfano mkubwa wa tofauti kati ya kuhesabu na kupima ni ule wa mwaka 1861, Gavana Mkuu wa Uhindi, Lord Canning, alipoamua kwamba Sultani wa Zanzibar amlipe Sultani wa Muscat riale 40,000 kila mwaka. Riale 40,000 kamili zina uzito wa kilo 1,123, karibu frasila 70. Zikiwa zimelika kwa kiasi cha riale ya bibi yako, upungufu wa jumla ni kilo 22, na bado zinabaki kuwa 40,000. Katika miaka ya 1870 serikali ya Uingereza ya Uhindi ilijitwika malipo hayo, na kiasi kikawa rupia 86,400 kwa mwaka. Gawanya: kila riale ilihesabiwa rupia 2.16. Ukilinganisha fedha tupu ya sarafu kamili, 23.39 kwa 10.69, unapata 2.19. Na kiwango cha Unguja, kama nilivyosema, ni 2.125. Namba hizi tatu ziko karibu sana, na mimi naziona kama ushahidi kwamba, mpaka hapo, thamani ya kuhesabu ilikuwa bado imefungwa kamba kwa thamani ya kupima.

Dhahabu ilifuata mwendo huohuo. Pauni moja yenye gramu 7.32 za dhahabu tupu ilikuwa sawa na gramu 113.5 za fedha kwa uwiano wa 15.5, na hizo ni riale 4.85. Unguja katikati ya karne ya 19 ilibadilishwa kwa riale 4.75. Hiyo asilimia 2 ya tofauti ni gharama ya riale kupendwa: ilibidi inunuliwe, isafirishwe kutoka bandari kama Trieste na kupita mikono mingi, na aliyeihitaji ili kununulia pembe bara hakuwa na sarafu mbadala ambayo watu wa huko wangeikubali kwa urahisi.

Kisha kamba ikakatika. Kuanzia mwaka 1873 nchi kubwa za Ulaya ziliacha kupiga fedha kwa wingi na kushikilia dhahabu, huku migodi ya Marekani ikimimina fedha sokoni, na bei ya wakia ya fedha mjini London (wakia ya Kiingereza, si ile ya Unguja), iliyokuwa karibu peni 60 mwaka 1872, ikateremka hadi karibu peni 29 mwaka 1894 na peni 24 mwaka 1902. Riale na rupia zilianguka pamoja mwanzoni. Lakini tarehe 26 Juni 1893 serikali ya Uhindi ilifunga viwanda vyake vya kupiga rupia kwa wenye fedha binafsi, ikaibana rupia mpaka ikafikia shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza, yaani peni 16, rupia 15 kwa pauni moja ya dhahabu. Tangu hapo rupia ilithaminiwa kwa amri ya serikali, si kwa gramu zake. Hata ile iliyolika kama yenu ilikuwa na thamani inayozidi madini yake. Riale haikuwa na serikali ya kuibeba. Kwa fedha tupu iliyomo, riale kamili mwaka 1902 ilikuwa na thamani ya peni zisizofika 20, ambazo ni rupia 1.22, wakati miaka thelathini kabla ilikuwa zaidi ya rupia mbili. Zile riale 40,000 za Muscat, kama zingeendelea kulipwa kwa riale, zingekuwa na madini ya rupia 49,000 hivi badala ya 86,400. Mtu aliyefukia riale zake mwaka 1870 na kuzifukua 1902 hakuibiwa hata gramu moja, na bado alipoteza karibu nusu ya alichokuwa nacho akilinganisha na jirani aliyefukia rupia. Sultani Barghash alikuwa tayari amepiga riale zake mwenyewe mwaka 1882, lakini hazikuenea sana, na mwaka 1908 Zanzibar ikaacha hesabu ya riale na kushika rupia.

Turudi kwenye kibweta chenu. Ukitaka kuondoa shaka ya kughushi bila kukwaruza chochote, tumia mizani ndogo ya kielektroni inayosoma gramu 0.01. Weka juu yake kikombe chenye maji, irudishe mizani sifuri, kisha ning'iniza riale kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala kando. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa riale ya kweli ya gramu 27.52, namba hiyo inapaswa kuwa karibu 2.70. Ikiwa karibu 2.4, kuna risasi ndani, ikifika 3.1, hiyo ni shaba iliyopakwa fedha. Kwa rupia yenu tarajia 1.09. Kwa pauni pamoja na kipete chake tarajia 0.48 hivi, ikiwa kipete nacho ni dhahabu ya karati hiyohiyo. Ikizidi hapo kwa kiasi, kwanza kishuku kipete na lehemu yake kabla ya kuishuku sarafu.

Pauni hiyo ndiyo pekee ambayo uzito wake haunipi jibu, kwa sababu gramu 8.36 zinajumuisha kipete na lehemu. Msimruhusu mtu akikate ili aipime. Pima kipenyo chake, ambacho kinapaswa kuwa milimita 22, na ikiwa ni ya kweli hesabuni kwamba ina kati ya gramu 7.2 na 7.3 za dhahabu tupu. Mkusanyaji hatalipa zaidi ya bei ya dhahabu kwa pauni iliyolehemiwa, lakini msikubali chini sana ya hiyo. Riale ina fedha tupu gramu 22.93 na rupia gramu 10.37, na bei ya sonara kwa hizo mbili ilinganisheni na bei ya fedha ya siku hiyo, mkitoa gharama yake ya kuyeyusha. Riale za Maria Theresa ziko nyingi duniani, kwa hiyo msitarajie utajiri; lakini yenye lulu zinazohesabika na maneno ya ukingoni yasiyokwanguliwa ina mnunuzi anayelipa zaidi ya sonara. Msiisugue kwa majivu wala kwa dawa ya meno ili ing'ae, kwa sababu kila msuguo utaondoa kile kidogo kilichobaki cha lulu, na weusi ulio juu yake ndio kitu cha kwanza ambacho mnunuzi wa kweli atauliza kama bado upo.